Mwaka Bibi Alipokalishwa

Mwanangu ameniletea mashine ya kutembea. Ndiyo, rafiki yangu, umesikia sawasawa. Wameiweka sebuleni karibu na dirisha. Ina mkanda mweusi unaozunguka, na mtu hupanda juu yake akatembea na kutembea mpaka jasho limtoke, kisha akashuka yuko pale pale alipopandia, hajafika hata kwa jirani. Daktari ndiye aliyeyaanza haya. Alinipima, akatikisa kichwa, akasema mama punguza sukari, punguza wali mweupe, kula majani, na utembee kila siku. Nilicheka mpaka akadhani nimechukia. Sikuchukia hata kidogo. Ukiyavua maneno yale koti jeupe, ni maneno ya bibi yangu mzaa mama, naye hakuwahi kuingia hospitali ila kumpelekea mgonjwa uji.

Basi tangu siku ile nakaa karibu na mashine hiyo, sijaipanda, naikumbuka Bagamoyo ya utoto wangu, zama za Mwingereza, miaka ile vita ya Hitla ilipokwisha na nguo zikaanza kurudi madukani. Nasema nakaa, kwa sababu kukaa ndiyo kazi pekee niliyoachiwa. Nikishika fagio, dada anayetusaidia nyumbani hunipokonya kwa adabu zote. "Baba kasema usiguse kitu, bibi. Wewe pumzika tu." Kwa hiyo napumzika, na katika kupumzika huko ndipo inaponijia habari ya mwaka ule Bibi alipokalishwa.

Tulikuwa tunakaa Dunda, katika nyumba ya udongo na mawe yenye baraza mbele na ua nyuma. Uani ndiko ulikokuwa ulimwengu wenyewe. Kulikuwa na mafiga matatu, mtungi wa maji chini ya mpera, kuku wasiojua adabu, na kinu cha Bibi cha mti wa mkwaju, kizito hata wanaume wakitaka kukihamisha walikuwa wakikibiringisha. Adhana ya alfajiri ikiisha, na watu wakishasali, michi ilianza. Ilianza kwa mbali, nyumba moja, kisha ya pili, kisha mtaa mzima ukawa unadunda. Mimi nilikuwa nimelala juu ya mkeka na ardhi ikinitikisa mbavu, na sijui kama nimewahi kupata usingizi mtamu kuliko ule wa dakika za mwisho, unaposikia wakubwa wameshaamka na dunia iko mikononi mwao.

Bibi alikuwa akiijua michi kwa sauti. Alikuwa akisema, huyu leo kachelewa, huyu kagombana na mumewe, hebu sikia anavyotwanga kwa hasira, mchele wote utakuwa chenga. Mwenyewe alitwanga na jirani yetu wa ukuta wa pili, shoga yake wa tangu usichana. Michi miwili kinu kimoja, mmoja unapanda mwingine unashuka, na mwendo ukishakolea waliirusha juu, wakapiga kofi, wakaidaka bila hata kuitazama, huku wanateta habari za mji. Walikuwa wanawake wazima wenye wajukuu, na migongo yao ilikuwa imenyooka kama ya wasichana.

Mchele wa kinu haukuwa mweupe pe. Ulibaki na wekundu wake, na ukipikwa kwa nazi harufu yake ilifika barazani kabla ya sahani. Lakini wali haukuwa wa kila siku. Asubuhi ulikuwa uji wa mtama au muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki wa jana. Mchana ugali, na kando yake kisamvu kilichotwangwa kikalainika, au matembele, au mchunga ule mchungu ambao sisi watoto tuliula kwa kufinya macho. Kunde, choroko, boga na majani yake. Nyama tuliiona kwa Idi na kwenye harusi. Chai ilikuwa na sukari ya kuonjeshwa tu. Tukilalamika, Bibi alisema tumbo ni kinu, ukikijaza mpaka mdomoni mchi hauna pa kuingia. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa na yake, kwamba tumbo lina mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Sisi tulikuwa tunalitafuta fungu la nne, la maembe ya kuiba.

Na kutembea! Hakuna aliyetuambia tutembee, kama vile hakuna amwambiaye samaki aogelee. Kisimani asubuhi na jioni. Kuni. Kumpelekea baba chakula bondeni Ruvu kwenye mashamba ya mpunga, na huko kushinda tunafukuza ndege kwa kombeo na makelele mpaka sauti zikauke. Kumwamkia shangazi Mbegani tulikwenda kwa miguu, tukarudi kwa miguu, na tukifika nyumbani bado tulikuwa na nguvu za kucheza rede mpaka magharibi. Hayo yote siku hizi yana jina, yanaitwa mazoezi. Sisi tuliyaita siku.

Lakini kilichonikaa moyoni kuliko vyote ni kutanda uduvi. Maji yalipotoka sana, siku za bamvua, wanawake wa mtaa walishuka ufukoni na kaniki kuukuu. Wawili wawili walishika ncha za nguo, wakaingia majini mpaka kiunoni, wakaitandaza chini na kuisukuma mbele huku wanaimba, kisha wakainyanyua kwa pamoja, na ndani yake uduvi wanarukaruka kama mchele ulio hai. Watoto tulibaki ukingoni na vikapu. Kushika ncha ya nguo kulikuwa na umri wake, na Bibi alikuwa ameniahidi kwamba msimu ujao nitashika nami, upande wa pili yeye mwenyewe. Nililala na ahadi hiyo na kuamka nayo.

Kabla msimu ule haujaja, mjomba akapandishwa cheo.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa karani bandarini Dar es Salaam. Alikuwa mtu mwema, mnadhifu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na kitambi kilichokuwa kinaanza kujitangaza. Alimpenda mama yake mapenzi ya kweli, na kwa sababu hiyo akafanya kosa ambalo watu wa pwani tunalifanya kwa moyo mweupe kabisa. Akamkalisha. Kwetu mama wa mtu aliyefanikiwa hashiki mchi. Mchi ni wa aliyekosa mtu. Siku moja likaja lori, likashusha kiti cha henzerani chenye mikono mipana, gunia la mchele mweupe wa dukani, kopo la samli, sukari, biskuti, na nyuma yake mwanamke wa kuchota maji na kufanya kazi za uani. Mjomba akamshika mama yake mkono, akamkalisha kwenye kile kiti barazani mbele ya watu, akasema, "Mama, umetuhangaikia vya kutosha. Kuanzia leo ni kukaa tu."

Mtaa mzima ulifurahi. Tulifurahi sote, nami nikiwamo, kwa sababu ya biskuti. Watu walikuja kumpongeza. "Hongera, shoga, umezaa!" Mhindi wa duka la pembeni, ambaye zamani alikuwa akimuuzia Bibi chumvi bila kuinua macho, sasa alitoka mlangoni kumsalimu. Na Bibi, usije ukadhani alikuwa malaika, alipenda. Alikaa na kanga mpya, mkono mmoja juu ya henzerani, anapokea shikamoo kutwa. Kila mgeni alipokuja chai iliwekwa, na kila chai ilikuja na mkate wa boflo uliopakwa samli, na mwenyeji hawezi kumwacha mgeni ale peke yake. Jioni wali mweupe. Watu wakaanza kusema mashaallah, kanawiri. Kinu kikafudikizwa chini ya mpera, kuku wakakifanya kitanda.

Alfajiri ya kwanza bila mchi wetu niliamka nikadhani nimeziba masikio.

Jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kununa. Alikuja asubuhi na mchi wake begani, akamkuta shoga yake amekaa. Akasimama pale akamtazama, akasema, "Basi mimi nitwange na nani? Na ukuta?" Bibi akacheka, akamwambia akae wanywe chai. Jirani hakukaa.

Miezi ikapita. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala chumba kimoja na Bibi, kwa hiyo niliona mambo ambayo barazani hayakuonekana. Niliona miguu imevimba jioni, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Niliona anavyoshika mlango, kisha kitanda, kisha bega langu, kufika tu chooni uani. Pumzi ilimwishia kwenye ngazi ya baraza, ngazi moja ile ile aliyokuwa akiipanda na mtungi kichwani. Mama alimkanda kwa mafuta ya simsim. Mganga alileta majani ya kufukiza. Haikusaidia, na Bibi akawa anatuonya kila mara, msimwambie mwanangu, atavunjika moyo, ataona ukarimu wake umenidhuru. Mjomba alipokuja, mwisho wa kila mwezi, tulihakikisha Bibi ameshakaa kitini kabla hajafika, kanga imefunika miguu, macho yametiwa wanja. Alimkuta amependeza. Akaondoka ameridhika, akaleta samli zaidi.

Kisha ikaja magharibi moja ambayo Bibi alitandika msala, akainama, akajaribu kusimama, akashindwa. Akakaa. Akasali amekaa. Dini inaruhusu kwa mgonjwa, hilo tulilijua, lakini Bibi alikuwa hajawahi kusali amekaa hata siku alizokuwa na homa ya kutetemeka. Mama alikuwa jikoni, akaona kupitia mlangoni, akaacha upawa ndani ya chungu, akalia kimya huku moshi ukimpa kisingizio. Nami nililia. Niliona wazi kwamba sitashika ncha ya nguo na Bibi. Na kwa mara ya kwanza maishani niliona kwamba Bibi anaweza kuniondokea.

Jirani naye alikuwa ameona, kupitia upenyo wa ukuta wa uani. 

Hapa lazima nikueleze jambo moja, maana siku hizi watu wamelisahau. Baba yake jirani alikuwa Mnyamwezi, aliyeteremka pwani enzi za misafara ya wapagazi, akaoa Bagamoyo, akabaki. Bibi alikuwa Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani wa siku zile haukuwa mchezo wa kuchekeana tu. Mtani alikuwa na haki. Aliweza kukunyang'anya kofia kichwani, kukwambia mbele ya watu neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja asingethubutu, na msiba ukitokea yeye ndiye aliyekuja kuwachekesha wafiwa, akalala hata njiani pa kupitisha jeneza mpaka akombolewe kwa fedha. Na hukuruhusiwa kukasirika. Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria.

Mjomba alipokuja safari iliyofuata, Jumapili asubuhi aliketi barazani na wazee waliokuja kumsalimu. Mwalimu wa chuo alikuwepo. Kahawa inazunguka, halua iko kwenye sinia, Bibi yuko kwenye henzerani yake amejitanda vizuri. Mara tukasikia kilio kutoka uani.

"Uwiii! Uwiii jamani! Kafa kijana wa watu!"

Wazee wakasimama. Mjomba akamwaga kahawa. Akatokea jirani, kanga mbili kiunoni, mkono kichwani, machozi hana hata moja, na nyuma yake wanawake wawili wa mtaa wamebeba begani kitu kirefu kilichofungwa kitambaa cheupe cha bafta, kimekazwa juu na chini kama sanda. Wakakilaza katikati ya baraza, mbele ya Bibi. Ulikuwa mchi wake.

"Mtani," jirani akamwambia mjomba, anagaragara chini, "pole. Umefiwa. Mchi wa mama yako umekufa kwa kukosa mkono. Alikuwa kijana hodari, hana ugonjwa, kakalishwa tu, akakaa, akakaa, akafa. Twaomba ruhusa tukamzike."

Nilimwona mwalimu wa chuo ameinamia kikombe chake, mabega yanatikisika. Mjomba aliduwaa, halafu akakumbuka ni mtani, akacheka kwa shida. Akatia mkono mfukoni ajikomboe kama desturi.

"Weka fedha zako," jirani akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Maiti huyu haamki kwa fedha. Huyu mpaka aguswe na mwenyewe. Mwambie mama yako ainuke aje amshike."

"Mama anapumzika," mjomba akasema.

"Najua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ainuke."

 Bibi aliutazama mchi wake ndani ya sanda, midomo ikamchezacheza, nikadhani atalia. Badala yake akaangua kicheko, kicheko chake cha zamani, cha tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu lile lori lilipokuja. Akacheka mpaka wanja ukamtiririka. Akaweka mikono juu ya kiti, akajisukuma, akainuka, na kiti kikainuka naye. Kilikuwa kimemkaza! Alipokinunua kiti kile mjomba, mwili ulikuwa mwingine. Wanawake wakapiga vigelegele, jirani akakivuta kiti kwa nyuma kama mtu anayeng'oa muhogo, na Bibi mwenyewe akawa anasema, "Polepole, jamani, msinirarue," huku anacheka.

Halafu akaanza kutembea, na kicheko kikaisha. Alishika ukuta. Alivuta mguu, akapumzika, akavuta wa pili, anahema kwa sauti. Kutoka kitini mpaka pale mchi ulipolala mtoto angefika kwa kuruka mara moja.

Nilimtazama mjomba. Nadhani ndiyo kwanza nilielewa, na yeye ndiyo kwanza alielewa. Miezi yote ile alikuwa akimkuta mama yake amekaa. Hakuwa amemwona akitembea hata siku moja.

"Mama," akasema. "Tangu lini?"

 Bibi aliegemea nguzo, akavuta pumzi, akamtazama mwanawe kwa upole mkubwa. "Umenipa kila kitu, baba," akamwambia, "Mungu akuzidishie. Sasa nirudishie kazi yangu."

Mjomba akavua kofia yake, kofia nzuri iliyodariziwa, akanipa mimi niishike. Akainama akaufungua mchi kwenye sanda kwa mikono yake mwenyewe. Akampa mama yake bega, wakaenda polepole mpaka uani, sisi nyuma yao, wazee nao na vikombe mkononi. Kuku wakafukuzwa, kinu kikageuzwa. Jirani alikuwa ameshaandaa mpunga kwenye ungo, kumbe alipanga kila kitu. Bibi aliupiga mchi mara chache tu, za kujaribu, na mikono ikakataa. Ndipo mjomba, karani wa bandari, akaipandisha kanzu yake akaifunga kiunoni mbele ya mwalimu na wazee wa mji, akaushika mchi, akaanza kutwanga. Mpunga uliruka kila upande. Kuku walishiba siku ile.

"Huyo anatwanga au anapigana?" jirani akauliza, na ua mzima ukafa kwa kicheko.

Tangu hapo jirani akamwekea mjomba adhabu ya utani: akija Bagamoyo, mchi kwanza, chai baadaye. Na aliitimiza. Alikuja, akasalimia, akavua kanzu, akatwanga na fulana yake, mpaka kitambi kikaanza kuona haya. Samli ikaacha kuja. Yule mwanamke wa kazi alibaki kwetu kwa mapenzi yake, akatwanga pamoja nasi, na akaolewa mtaa wa pili. Kiti cha henzerani kikabaki barazani kwa ajili ya mgeni aliyechoka.

Bibi hakupona kwa siku moja. Tulikwenda naye kisimani, mimi nimemshikia kopo lake dogo, tunapumzika kwenye kila baraza, na kila baraza wanamtania. Kwanza tuliishia kwa Mhindi wa pembeni. Kisha tukavuka njia. Akaacha boflo, akarudi kwenye muhogo wake na kisamvu chake, na wali ukarudi kuwa wa siku zake, wa kinu, wenye wekundu. Alfajiri nilianza tena kutikiswa mbavu. Mwanzoni mchi wake ulikuwa ukipiga na kunyamaza, ukipiga na kunyamaza, na wa jirani ukiungoja. Nami chini ya shuka nilikuwa nikisema, mmoja tena, Bibi, mmoja tena.

Halafu magharibi moja, mama alinigusa bega, akanionyesha kwa kidevu. Bibi alikuwa juu ya msala wake, amesujudu. Akaweka mkono juu ya goti, akatulia kidogo, akasimama. Mama alisimama pale mlangoni mpaka sala ikaisha, samaki wakaungua, na hakuna aliyelalamika.

Msimu wa uduvi ulipofika mjomba alileta zawadi moja tu, kaniki mpya, ngumu, inayonuka dukani. Bamvua ya kwanza tukashuka. Bibi alishika upande wake, mimi wangu, maji yakanifika kifuani kwa sababu nilikuwa mfupi, na jirani akituimbia kutoka pembeni wimbo wa kutukejeli. Tulipoinyanyua nguo ilikuwa nzito, nikayumba, nikaanguka na upande wangu, na nusu ya uduvi wakaenda zao. Bibi akanizomea kama watani wanavyozomeana, maana bibi na mjukuu nao ni watani. "Tandaza tena!" akasema. "Mguu wangu umesimama kukungoja wewe!" Usiku ule tulikula uduvi kwa nazi na ndimu, na mpaka leo sijala chakula kikanikaa mwilini namna ile.

Alisali amesimama kwa miaka mingi baada ya hapo. Jirani alimtangulia, na siku ya msiba wake Bibi alikwenda kwa miguu yake, akalala njiani pa kupitisha jeneza, akakataa kuondoka mpaka watu wakacheka na kulia kwa pamoja.

Mwaka juzi nilipita Bagamoyo. Kinu nilikiona kimoja tu, mlangoni pa hoteli, kimepandwa maua. Sikuhuzunika sana. Mikono yangu bado inakumbuka malengelenge, na siwezi kumlaani aliyeleta mashine ya kukoboa. Mwanangu naye simlaani, maana ananipenda kama mjomba alivyompenda mama yake, na kwa mtindo ule ule. Ninachokikosa ni ule ukuta wenye upenyo. Ninamkosa mtu mwenye haki ya kuja kwako bila hodi akakulilia ungali hai.

Juzi dada wa kazi aliniuliza ninacheka nini peke yangu. Nikamsimulia haya yote, kama ninavyokusimulia wewe. Alisikiliza mpaka mwisho na vyombo mkononi, kisha akauliza, "Kwa hiyo bibi wewe ni Mzaramo?" Nikamwambia ndiyo. Akatabasamu. Kumbe ni Mnyamwezi, mtu wa Tabora, na miaka yote hii tulikuwa tunapishana sebuleni kwa adabu.

Leo asubuhi nimeamshwa na kilio. Nimetoka chumbani, nikamkuta dada amekaa sakafuni, mkono kichwani, analia vibaya kwa sababu anacheka, na juu ya mashine ya kutembea amelaza fagio langu, limefungwa taulo jeupe juu na chini. Mwanangu akatoka mbio na mswaki mdomoni, akauliza nani amekufa.

"Bado hakuna mtu, baba," nikamwambia. "Nipishe nikafagie."